Mwajabu Aliyemsemea Shemeji Yake

Maji yalichelewa. Kwa wanawake wawili waliokuwa ndani ya shimo la udongo, bondeni chini ya Mtunda, hilo lilitosha kuwafanya waweke majembe chini na kutazama njia. Kibwana hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Jua likisimama juu ya minazi, alikuwa ameshatokea na mtungi begani, anautua pale pale alipoutua jana na juzi, anasema neno lile lile: "Kunyweni, baridi."

"Labda amekaa mahali anatazama kinyonga," alisema Mwanaidi.

"Kibwana akibeba maji hatazami kitu," Mwajabu alimjibu. Alikuwa ameshapanda juu, miguu ina udongo mpaka magotini.

Mwanaidi huyo ni bibi yangu, mzaa baba. Walikuwa wafinyanzi yeye na Mwajabu, majirani wa ukuta kwa ukuta, na habari hii niliisikia kwake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Huanza kuisimulia ameketi. Hafiki mbali kabla hajasimama.

Mwajabu alizaliwa Mtawanya, akaolewa Mtunda na Haruni, mkulima wa mpunga. Nyumbani kwa Haruni alimkuta Kibwana, mdogo wa mumewe. Kibwana alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, anabeba gogo la kubebwa na watu wawili, lakini maneno yalimwingia polepole. Ukimpa maagizo matatu kwa mpigo alishika la mwisho, au hakushika hata moja. Kuhesabu hakuvuka nne. Na lolote ulilomuuliza kwa sauti ya ukali, jibu lake lilikuwa ndiyo. Watu walimwita zuzu mbele ya uso wake, naye akawaitikia.

Haruni alifariki kwa homa mwaka mmoja kabla ya vita. Eda ya Mwajabu ilipokwisha, Sadala, baba mdogo wa marehemu, alikuja kumwambia afungashe arudi kwao. Kibwana angehamia kwa Sadala, awe anafukuza ndege shambani.

"Mwenyewe mmemuuliza?" Mwajabu alisema.

Sadala na wenzake wakacheka. Mwajabu hakumuuliza Kibwana kama anataka kubaki, maana alijua angesema ndiyo, na akiulizwa kama anataka kwenda kwa Sadala angesema ndiyo vilevile. Alimwambia, "Kibwana, nionyeshe utakapolala leo." Kibwana akafikiri, akaenda ndani, akatoka na mkeka wake. Akautandika barazani kwa Mwajabu, akalala juu yake mchana ule ule, macho kayafumba kabisa. Shauri likaisha.

Basi wakaishi, Mwajabu, shemeji yake, na udongo. Mwajabu alikuwa mtu wa haraka. Alitembea haraka, alisema haraka, hata kucheka alicheka kama anayekimbizwa. Kumfundisha Kibwana kulimlazimu atulie. Aligundua kwamba maneno yalimpotea, lakini kitu alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa mpango ule ule, hakikumtoka tena. Akawa anamshika mikono wanakanda udongo pamoja. Leo kukanda tu. Wiki ijayo kukanda na kufunika kwa majani ya mgomba. Miezi ilipita, na siku moja Mwajabu alirudi kutoka kisimani akakuta chungu kimesimama kwenye kigae, kimekaa upande kidogo, mdomo umepinda, lakini ni chungu. Mwanaidi alisema Mwajabu alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka juu ya paa, akaita majirani waje waone. Kile chungu hakukiuza. Kilipikiwa mboga miaka mingi.

Kisha vita vikaja. Ng'ambo ya Rufiji, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walikuwa wameng'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na Wajerumani. Walikunywa dawa iliyoitwa maji, wakaamini kwamba risasi zitageuka matone. Serikali ikamwaga askari kila upande wa mto. Kikosi kimoja kilipiga kambi karibu na Bungu, na amri ikatoka: yeyote aliyekunywa maji, au aliyewapelekea watu maji, akamatwe.

Hapo ndipo Kibwana alipochelewa.

Mwajabu na Mwanaidi walimkuta njiani bibi kizee aliyekuwa akianika mihogo.

"Askari wawili wamempitia," alisema. "Walimuuliza, wewe, umekunywa maji? Akasema ndiyo. Wakamuuliza, na haya unawapelekea watu wanywe? Akasema ndiyo. Wakamfunga. Wamekwenda naye Bungu, na mtungi wake."

Mwajabu hakusubiri la pili. Alikaza kaniki yake kifuani akaelekea njia ya Bungu, na Mwanaidi nyuma yake. Walipopita kijijini, Sadala alijitokeza akawazuia kwa mikono miwili.

"Mwajabu, utatuponza sote. Yule amekiri mwenyewe. Mtu mwenye akili zake amenyongwa juzi kwa kusema kidogo kuliko hivyo."

"Ba'mdogo, hajakiri. Ameitika."

"Kuna tofauti gani?"

"Ndiyo ninayokwenda kuwaambia," alisema Mwajabu, akapita chini ya mkono wake.

Bibi yangu alisema hajawahi kutembea vile, kabla wala baada. Kifua kilimwaka, miguu ilichomwa na mbigiri, na bado Mwajabu alikuwa mbele, anajisemea peke yake, anajaribu maneno, anayatupa, anajaribu mengine. Mwanaidi aliogopa mno. Lakini anakiri kwamba kulikuwa na kitu kingine juu ya hofu, kama mtu anayekwenda ngomani. Hakuwa amewahi kumwona mwanamke akienda kubishana na serikali.

Walifika alasiri. Kambi ilikuwa mahema na zizi la miiba, na ndani ya zizi watu watatu wamefungwa kamba. Kibwana alikuwa mmoja wao. Alipowaona alitabasamu, akainua mikono yake iliyofungwa kuwaonyesha, kama mtu anayeonyesha kitu cha ajabu. Chini ya turubai alikaa Mzungu mwenye kambi, na pembeni yake akida. Mtungi wa Kibwana ulikuwa mbele ya meza, nusu mtupu, na kata yake ya kifuu juu ya kifuniko. Ulikuwa umewekwa pale kama ushahidi.

Mzungu alijua Kiswahili, Kiswahili cha kujifunza, kimenyooka kama rula. "Mwanamke, unataka nini?"

"Nimekuja kumsemea shemeji yangu, Bwana mkubwa. Yule mwenye ndevu."

"Amekwisha sema mwenyewe. Nilimuuliza, umekunywa maji? Ndiyo. Umewapa watu maji? Ndiyo. Utawapa tena? Ndiyo, kesho."

"Kesho atawapa, Bwana. Ni kazi yake. Hata mimi leo nimekunywa maji. Na wewe una maji hapo kwenye bilauri."

"Chunga mdomo wako," akida alisema.

Mwajabu alipiga magoti. "Bwana mkubwa, shemeji yangu huelewa mambo polepole. Neno maji kwake ni maji ya kisima, hana mengine. Na akiulizwa kwa ukali, huitika ndiyo ili uache kumkaripia. Mjaribu. Muulize kama ni yeye aliyewavusha Wajerumani baharini kwa mtumbwi wake akawaleta huku."

Mzungu akaagiza Kibwana atolewe zizini, akamsimamisha mbele ya meza. "Wewe. Ni wewe uliyewaleta Wajerumani nchi hii kwa mtumbwi?"

"Ndiyo," alisema Kibwana.

Askari mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mzungu hakucheka. "Anajifanya. Au wewe umemfundisha aseme hivyo."

Mwanaidi alidhani yamekwisha. Ila Mwajabu alikuwa ameinuka, macho yanang'aa. Alikuwa amelipata neno alilokuwa akilitafuta njia nzima.

"Basi usimuulize, Bwana. Mwambie akuonyeshe."

"Anionyeshe nini?"

"Alichofanya leo. Kwa mdomo hataweza. Kwa mikono hawezi kudanganya, hajui kudanganya kunafanywaje. Mfungueni tu mikono."

Walimfungua. Mwajabu alimsogelea, akasema taratibu kuliko alivyowahi kusema maishani mwake, "Kibwana. Onyesha leo. Uko kisimani."

Kibwana alisimama tu. Mzungu akaanza kugonga meza kwa kidole, na akida akafungua kinywa.

"Mngojeeni," alisema Mwajabu. "Tafadhali. Anakuja."

Naye akaja. Kibwana aliinama kwenye kisima kisichokuwepo, akachota, akamimina, akachota tena. Akauinua mtungi wa kweli akauweka begani. Akaanza kutembea kuzunguka ile kambi, na wale wanawake wawili walimwona akikanyaga njia yao wanayoijua: akaruka gogo lililolala kwenye mkondo, akainama chini ya tawi la mkorosho, akasimama akaamkia, "Shikamoo, bibi," kwa kizee wa mihogo. Akaenda hatua kumi. Akasimama ghafla.

Hapo akageuka mtu mwingine. Kifua kikatoka mbele, kidevu kikapanda, na mguu wa kushoto ukaanza kuchechemea. Kila mtu kambini alimjua mwenye mguu ule: askari mrefu aliyekuwa amesimama nyuma ya akida. "Simama," alisema Kibwana kwa sauti ya yule askari, sauti yenyewe hasa. Akautua mtungi. Akainua kata akachota, akanywa. Akanywa kwa kirefu, koo linapanda na kushuka. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Akachota ya pili, akampa mwenzake asiyeonekana. Akachota ya tatu, akajimwagia kichwani. Ndipo akaokota kamba chini akajizungushia mikononi.

Kibwana aliifungua ile kamba, akachota maji, akachukua kata kwa mikono miwili, akamwendea askari mrefu, akamkabidhi.

"Kunywa," alimwambia. "Baridi."

Mzungu aligeuka kwenye kiti. "Ulikunywa maji haya?"

Askari alijibu, "Jua lilikuwa kali, Bwana."

"Kata ngapi?"

"Mbili, Bwana. Moja ya kichwani."

"Kama haya ni dawa ya vita, basi wewe umekunywa dawa ya vita na umejipaka." Bibi yangu alisema jasho lilimtiririka askari yule mpaka kwenye mkanda. Mzungu akamgeukia tena Mwajabu. "Maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Kabla Mwajabu hajajibu, Kibwana alikuwa ameushika mkono wake, anauinua juu ili Mzungu aone udongo uliokauka kwenye kucha. Kisha akaonyesha miguu ya Mwajabu, na miguu ya Mwanaidi, myeupe mpaka magotini.

"Mchukue," alisema Mzungu. "Asionekane tena barabarani."

Mtu mwingine angekimbia hapo hapo. Mwajabu alifika hatua tatu, akarudi. "Bwana mkubwa, ukimpata mwingine kama yeye, mngojee kidogo. Usihesabu ndiyo yake."

"Ondoka kabla sijabadili nia."

Wakaondoka. Wale wawili waliobaki zizini walinyongwa kesho yake asubuhi, na sehemu hiyo bibi aliisema ameketi, tena haraka, macho yanatazama chini. Mwajabu hakuwajua hata majina. Kwa miaka mingi aliuliza kila aliyetoka upande wa Bungu kama anawafahamu ni wa nani.

Lakini njiani siku ile hawakuwa wamejua hayo. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walisimama, wakatembea kidogo, mmoja akaiga "Moja ya kichwani, Bwana," wakakaa chini tena. Kibwana alicheka kwa sababu wao walicheka, mtungi begani. Walipoingia Mtunda, watu walitoka majumbani wasiamini. Ilibidi Kibwana aonyeshe tena, kuanzia kisimani, na kesho yake tena, na kila mgeni alipopita. Watu waliokuwa wakimwita zuzu walikaa chini kumtazama, wakasogezana wapate nafasi ya mbele.

Habari ilitembea. Haikupita wiki mbili, mzee mmoja kutoka Mtawanya alikuja na binti yake, Mwanawetu, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa hajui siku wala mwezi. Tangu vita vianze walikuwa wamemfungia kwenye ghala ya mpunga ili asije akajibu neno baya mbele ya askari. Ngozi yake ilikuwa imepauka kwa kukosa jua.

"Nimesikia unajua kuwasemea," mzee alisema.

"Sijui bado," alijibu Mwajabu. "Mwache hapa tufundishane."

Wakaja wengine, sita kwa jumla. Mwajabu alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: askari wakija na watu wakikimbilia porini, nani atamshika mkono nani? Alikuwa amesikia kwamba kwingineko watu wa namna hii waliachwa nyuma katika mbio. Kila mmoja akapata mtu wake kwa jina. Na hilo halikumtosha. Aliwapitisha njia ya kwenda kwenye vichaka vya mikoko upande wa delta ya Rufiji, mchana kweupe, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, anawaacha watangulie, mpaka wakaijua kwa miguu. Majirani walimwona kama mtu anayecheza mchezo.

Askari walipokuja kuchoma maghala ya chakula, mwaka uliofuata, watu walitawanyika kama siafu. Aliyepangiwa kumshika mkono Mwanawetu alikimbia peke yake. Mwanawetu alisimama uani akaangalia moshi. Kisha akamshika mkono mtoto wa jirani aliyekuwa akilia, na mkono wa pili akampa bibi kizee wa mihogo, akaenda nao njia aliyofundishwa, bila kukimbia, bila kukosea hata kona moja. Mwajabu alikuwa ametangulia kufika kule mikokoni, anahesabu vichwa vinavyoingia. Alipomwona Mwanawetu anatokea kati ya mizizi na watu wawili mkononi, alijifunika uso kwa kaniki, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mwanawetu akamwuliza kama amekosea njia.

Njaa iliyofuata ilikuwa mbaya, watu walichimba ming'oko porini mpaka kucha zikatoka. Kibwana alikuwa hodari wa kuiona mizizi hiyo mahali ambapo wengine walipita. Waliishi.

Mvua za mwaka elfu moja mia tisa na saba zilipokuja na watu wakarudi mashambani, Sadala alikwenda kwa jumbe. Alidai shamba la bondeni, la marehemu Haruni, kwa kuwa Kibwana hana akili ya kumiliki ardhi. Baraza likaitishwa. Mwajabu alijiandaa siku nne. Mwanaidi alisikia hotuba nzima ukutani, mara kumi, inazidi kuwa kali.

Siku ilipofika, Sadala alisema yake. Mwajabu akasimama, akakaza kaniki, akavuta pumzi.

Mkono mzito ukamgusa bega. "Kaa, shemeji," alisema Kibwana. "Nasema mimi."

Mwajabu alibaki mdomo wazi na hotuba yake yote ndani. Akakaa.

Kibwana alisimama katikati. Akanyamaza kwa muda mrefu, na baraza zima likamngojea. Walikuwa wameshazoea kumngojea.

"Shamba la baba," alisema. "Kaka alilima. Mimi nalima." Akamnyooshea kidole Sadala. "Huyu halimi."

Jumbe alikuwa mtu wa kupima. Alimkazia macho akasema kwa sauti ya ukali, "Kibwana, tumpe Sadala shamba?"

Mwanaidi aliufinya mkono wa Mwajabu mpaka ukafa ganzi. Watu wote walijua mtu huyu hujibu nini akikaripiwa. Kibwana aliangalia chini, akaangalia juu, midomo inajaribu kitu.

"Hapana," alisema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akilisema neno hilo. Hata yeye alionekana kushangaa, akalirudia kulisikiliza. "Hapana. Hapana." Baraza likalipuka kwa kicheko na vigelegele, na jumbe akajipiga mapaja kwa viganja akasema shamba lina mwenyewe. Sadala aliondoka kabla ya kahawa.

Njia nzima ya kurudi Mwajabu hakuweza kutembea sawasawa. Alirukaruka, akasimama, akamgeukia Mwanaidi. "Nilikuwa na maneno mazuri, Mwanaidi, unayajua."

"Nayajua yote."

"Hakuyahitaji." Na alilisema mara tatu, kila mara kwa furaha zaidi.

Ilikuwa shida kidogo baadaye, kwa sababu Kibwana alilipenda lile neno jipya. Kwa mwezi mzima alisema hapana kwa kila kitu, hata kwa wali wa nazi, kisha akala. Mwajabu hakumzuia. Alimwacha alitumie mpaka alizoee.

Kibwana alilima shamba lile hadi uzeeni, na vyungu vyake viliuzwa mpaka Kibiti. Mwanawetu alirudi kwao Mtawanya, akawa ndiye anayewaongoza wageni waliopotea njia. Mwajabu hakuolewa tena. Hakuwa na nafasi. Mara ya mwisho bibi yangu alipomwona ana haraka ile ya zamani, alikuwa na mvi kichwa kizima. Kulikuwa kumetokea mwanamke kutoka Bungu, akisema ana mtoto wa kiume wa miaka tisa ambaye mwalimu wa chuo cha Kurani amemfukuza kwa kuwa hashiki herufi. Mwajabu aliacha chungu kibichi kwenye kigae bila kukifunika. "Herufi anazisikia au anazichora?" aliuliza, na kabla mwanamke hajajibu walikuwa wameshaingia njiani wote wawili, Mwajabu mbele, anauliza la pili.